Amina ya Tatu

Asubuhi ya Jumatatu, theluji ikianguka nje, Orvin na LaRue Hatch walipiga magoti kando ya kitanda kama walivyofanya tangu walipooana. LaRue ndiye aliyeomba. Alipomaliza alisema amina, mumewe naye akasema amina, kisha mtu wa tatu, hapohapo upande wa Orvin, akasema amina taratibu, kwa sauti ya mwanamke ambaye hajaongea na mtu siku nyingi.

"Orv, umesikia?"

"Nimesikia nini? Tumbo langu? Linadai mkate."

LaRue alicheka kidogo, lakini alitazama chini ya kitanda.

Hii ilikuwa mara yao ya tatu kutumwa na kanisa. Orvin alikuwa amemwachia mwanawe shamba la viazi kule Idaho, akaja Butte, mji wa migodi iliyokufa, akiwa na moyo unaosaidiwa na mtambo mdogo chini ya ngozi. LaRue alikubali kwa sharti moja: watarudi Idaho wawili. Kurudi peke yake kwenye nyumba ile, akipika viazi vya mtu mmoja, ndicho kitu pekee alichokiogopa duniani.

Kazi yao ilikuwa kuwatembelea waumini walioacha kuja kanisani. Walipeleka mkate, walishona vifungo, walikoroma mbele ya televisheni za wajane. Hakuna aliyetumwa peke yake, hata kwenda kununua maziwa; kila mtu alipewa mwenzake wa kazi. Tena mtu akishaitwa kwenye kazi hatoki mpaka aachiliwe, watu wakinyoosha mkono wa kulia, kwa maneno ambayo LaRue aliyajua kama jina lake: "Tunakuachilia kwa shukrani, wewe na mwenzako. Nendeni nyumbani salama."

Jumamosi iliyotangulia walikuwa wamebisha mlango wa bibi mmoja mwenye asili ya Ufini, Aune Lahti, kwenye mtaa wa juu. Sauti ilisema, "Ingieni." Ndani hapakuwa na mtu, na jiko lilikuwa baridi kama jiwe. Orvin, ambaye masikio yake yalishaanza kustaafu, alidhani bibi yuko chumbani anaona haya. Akaweka mkate mezani, akapaza sauti.

"Mama Aune, kukaa peke yako kutakuua, bwana! Njoo ufanye kazi nasi. Mimi mwenyewe nitakuwa mwenzako!"

"Nakuja," chumba kilijibu.

Walipotoka, jirani aliyekuwa akizoa theluji uani kwake aliegemea koleo lake, akawakodolea macho.

"Nyie wazee wa kanisa, mnapiga soga na nani humo? Aune tulimzika tangu mwezi wa tisa."

LaRue alimvuta mumewe hadi barabarani. Orvin alisema labda ni redio. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Orvin, kwa ukarimu wake usio na breki, alimpa jembe mlangoni.

Basi baada ya amina ile, nyumba haikutulia. Asubuhi iliyofuata walikuta njia ya mbele imeshasafishwa theluji. Jikoni palinukia kahawa, na kanisa lao haligusi kahawa, nyumba nzima haikuwa na hata punje. LaRue alifungua madirisha mpaka vidole vikafa ganzi, harufu haikutoka. Walipotoka kwenda kumwona mgonjwa, aligeuka nyuma, akaona nyayo zake kwenye theluji, nyayo za Orvin, na katikati nyingine nyembamba, zilizomsogelea Orvin kiasi kwamba za LaRue zilikuwa zimesukumwa pembeni hadi ukingoni mwa barabara.

Alhamisi alichukua koti la mumewe amshonee kifungo. Kilikuwa kimeshashonwa, kwa uzi mweusi asiokuwa nao.

"Nani kashona hiki?"

"Mwenzangu," alisema Orvin, hata hakuinua macho.

"Mwenzako ni mimi, Orvin Hatch!"

Orvin alishtuka kama mtu aliyeamshwa. Midomo yake ilikuwa imepauka, na LaRue alipomshika mkono, ulikuwa wa baridi kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko, baridi ya lile jiko la mtaa wa juu, na pale alipokuwa akiusugua ili upate joto alihisi, juu ya vidole vyake mwenyewe, vidole vingine vikavu vikiusugua pamoja naye, kwa upole, kwa subira, kama vya mke.

Aliuachia mkono, akakimbilia simu. Kiongozi wao, Brett Sorensen, fundi bomba, alipokea akiwa chini ya sinki la mtu.

"Kaka Sorensen, usinicheke."

Akaeleza yote. Brett kwanza alicheka, halafu akaweka spana chini.

"Dada Hatch, mzee si alimpa kazi? Mwachilieni, basi. Maneno unayajua kuliko mimi. Nikimaliza hapa nakuja."

LaRue hakuweza kungoja. Alimpigisha Orvin magoti jikoni, mchana kweupe.

"Maskini bibi wa watu, amefurahi kupata wenzake," Orvin alinong'ona. "Tumwache kidogo."

"Anakuchukua, Orv. Huoni? Nyoosha mkono."

Orvin alinyoosha mkono wake uliopauka. LaRue akanyoosha wake, akafumba macho, akaongea haraka, kwa hofu, maneno yakimtoka yenyewe kama yalivyomtoka kila mtu kanisani kwao tangu enzi za babu zao.

"Aune Lahti, umefanya kazi vizuri. Tunakuachilia kwa shukrani, wewe na mwenzako. Nendeni nyumbani salama."

Mlango wa mbele ulifunguka, kisha ukafungwa polepole. Harufu ya kahawa ilikatika. Joto lilirudi jikoni, na LaRue alisikia jokofu likinguruma, sauti ya kawaida, tamu kupita nyimbo zote. Machozi yalimtoka. Alibaki macho amefumba, akamshukuru Mungu kwa nyumba iliyotulia, kwa Brett na akili zake, kwa viazi vya Idaho vitakavyopikwa sufuria moja kwa watu wawili.

"Amina," alisema.

Akasubiri.

Jikoni palikuwa kimya. Alisubiri tena, maana Orvin masikio yake mazito, huenda hakusikia.

"Amina, Orv," alisema kwa nguvu zaidi.

Ndipo maneno aliyoyatamka yakamrudia, moja baada ya jingine, mpaka lile la mwenzako, jina ambalo Orvin alijipa mwenyewe nyumbani kwa Aune. Alinyoosha mkono pembeni, macho bado amefumba, akagusa bega la mumewe. Lilikuwa limeegemea kabati, na halikuinuka kwa pumzi.

Nje, kwenye theluji mpya, nyayo za watu wawili zilielekea mtaa wa juu, sambamba.