Mama Mukwe Ataona

Mwaka wa 1956, huko Kadutu, mjini Bukavu, aliishi mfanyabiashara mmoja, jina lake Feruzi. Alikuwa na mke, Asumini, na binti mdogo, Zaina. Alikuwa pia na kamionete, gari ndogo ya mizigo. Majirani walisema Feruzi ana wake wawili, na ni yule wa pili anayeogeshwa kila asubuhi.

Kazi yake ilikuwa kwenda Kalehe kununua ndizi, maharagwe na mihogo. Asumini aliviuza sokoni. Tangi moja la esanse, yaani petroli, lilitosha safari tatu za Kalehe, kwenda na kurudi. Mshale unaoonyesha esanse ulikuwa umekufa zamani, lakini Feruzi hakujali. Alihesabu safari zake kwa vidole. Moja, mbili, tatu, kisha anajaza tena.

Siku moja ya Idi alimpeleka mke wake kwao Uvira. Mama yake Asumini, Bibi Nyota, alitoka nje kuwapokea. Aliizunguka kamionete mara moja, polepole, mikono kiunoni. Halafu akasema mbele ya watu wote:

"Kumbe mukwe wangu anasafiri ndani ya kiatu."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Feruzi naye alicheka, maana mtu hamjibu mama mkwe. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Aliporudi Bukavu alianza kuikuza kamionete. Kwanza alitoa magurudumu yake, akaweka makubwa ya lori. Akafunga chuma kizito mbele, kilichotoka kwenye lori lililoanguka mlimani. Juu ya kichwa cha gari akajenga kichanja cha vyuma cha kupakia mizigo, kirefu kama kitanda cha chifu. Akaongeza honi mbili. Kuku wa mtaa mzima walizijua.

"Baba Zaina," Asumini aliuliza, "Uvira tunarudi lini? Mama anazeeka."

"Gari ikiisha."

"Inaisha lini?"

"Bado kidogo."

Hiyo bado kidogo ilikula mwaka mzima.

Siku moja gari ilizimika karibu na nyumbani, safari ya tatu ikiwa haijakwisha. Feruzi alimtukana muuza esanse kwamba anatia maji. Kisha akaenda kwa fundi mmoja wa barabarani, akamwambia gari haina nguvu. Fundi akafungua kabureta. Akatoa msumari mdogo wa shaba wenye tundu jembamba kama la sindano. Esanse yote inayokwenda kwenye mota inapita katika tundu hilo. Fundi akalipanua kwa waya.

"Sasa itakunywa vizuri," alisema. Hapo hakudanganya.

Moshi mweusi ulianza kutoka nyuma. Jirani yao, muzee Isidore, alikuwa dereva wa wazungu wa Lwiro, wale wanaopima mvua, udongo na hata vyura. Alisimama akautazama ule moshi.

"Feruzi, hii gari yako inavuta tumbako?"

"Hiyo njo nguvu, papa Isidore."

"Mi naona esanse inatoka bila kufanya kazi."

"Wewe umezoea magari ya vyura."

Isidore alicheka, akaenda zake.

Wiki hiyohiyo Feruzi alimaliza kazi yake. Alisimamisha ubao mpana juu ya kichanja, unaotazama mbele. Mchoraji akaandika kwa rangi nyekundu: MAMA MUKWE ATAONA. Feruzi akajaza tangi, akaenda Kalehe mara mbili. Esanse ya safari moja, alihesabu, bado imo, nayo inatosha kufika Uvira.

"Idi hii tunakwenda," alimwambia mke wake. Asumini akaanza kushona gauni.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, dereva wa lori la samaki alisimama mlangoni. Alikuwa amepanda kutoka Uvira kabla ya alfajiri. Hakukubali kiti.

"Mama Zaina," alisema, "Bibi Nyota ametutoka, jogoo wa kwanza. Wanazika baada ya alasiri. Mama mudogo wako Mwavita anasema wewe njo mukubwa, wewe njo utamimina maji. Hawatamuosha mpaka ufike. Lakini alasiri haiwezi kupita."

Kwao ilikuwa hivyo. Mama akifa, binti mkubwa ndiye anayemimina maji wakati wa kumwosha. Ni kazi ya mwisho ambayo mtoto anamfanyia mama yake. Haifanywi mara mbili.

Asumini alivaa kanga yake, akampeleka Zaina kwa jirani. Walipoteza muda kupata karatasi ya ruhusa ya safari. Saa tatu na nusu walitoka.

Njia ya Uvira inateremka mlima wa Ngomo. Pale barabara ni nyembamba, gari mbili hazipishani. Kuna kizuizi. Malori ya samaki yanapanda alfajiri, kisha wanaoteremka wanapita mpaka saa sita. Baada ya hapo wanapita wanaopanda, mpaka saa tisa. Feruzi alijua. Saa zilitosha.

Kule Nyangezi gari ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

"Nini?" aliuliza Asumini.

Feruzi alitikisa gari, akasikiliza tangi. Hapakuwa na kitu cha kusikiliza. Alihesabu vidole vyake. Kalehe mara moja, Kalehe mara mbili. Akahesabu tena, kana kwamba kidole kimoja kimejificha.

Alichukua kidumu, akakimbia. Malori ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kupita. Duka lenye esanse lilikuwa mbali. Asumini alibaki amekaa kando ya barabara, chini ya kivuli cha ule ubao. Watu waliopita walisoma maneno, wakatabasamu, kisha wakamwona uso wake, wakaacha.

Walifika Ngomo saa sita imepita kidogo. Mti wa kizuizi ulikuwa chini.

"Fungua, ndugu yangu," Feruzi alisema. "Tuko na maiti Uvira. Binti yake njo huyu."

Mlinzi alimtazama Asumini, akavua kofia.

"Pole, mama. Lakini malori saba yanapanda sasa. Nikiwafungulia, kesho watu watakuwa na maiti mingi."

Wakangoja. Malori yalipanda moja moja, polepole. Adhana ya alasiri iliwakuta Kamanyola, njia ikiwa bado ndefu.

Walipoingia Uvira jua lilikuwa linazama. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini na majembe begani. Nyuma ya nyumba, mahali pa kuoshea, udongo ulikuwa umeanza kukauka.

Mama mdogo Mwavita alimshika mikono.

"Tulikungoja mpaka mwadhini akapanda. Nikamimina mimi." Alimpa kopo la bati. "Nimekuwekea."

Usiku ule hakuna aliyeitazama gari. Watoto tu walikuja asubuhi. Mmoja, mwanafunzi wa shule, alisoma ubao kwa sauti, herufi kwa herufi. Mama yake akamziba mdomo.

Wakati wa kurudi, Asumini hakuingia mbele. Alipanda nyuma, akakaa juu ya gunia tupu, kopo mapajani. Mwanamke anayegomba anaweza kujibiwa. Feruzi aliendesha njia yote na ule ukimya mgongoni.

Nyumbani alianza tena habari ya maji ndani ya esanse. Muzee Isidore alikuwa amekuja kutoa pole. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Feruzi, tusigombane na muuza esanse. Tupime. Nipe chupa ya litre moja."

Chupa iliyopatikana ilikuwa ya pombe. Feruzi, mtu wa msikiti, alirudi nyuma.

"Usiogope," alisema Isidore. "Haiingii ndani ya kinywa chako. Inaingia ndani ya kinywa cha gari. Nayo imekunywa zamani."

Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Asumini alisema neno. "Nakwenda pia."

Walikwenda uwanda wa Kavumu, ambapo barabara imelala sawasawa. Isidore alijaza chupa esanse, litre moja kamili. Akaifunga karibu na kioo, akaiunganisha na kabureta kwa mpira mwembamba. Tangi akalifunga.

"Tutakwenda mwendo mumoja, kutoka jiwe hili, kila mara. Litre ikiisha, gari inasimama. Pale tunasimika kijiti."

"Tuangalie kontere tu," alisema Feruzi, akionyesha mita ya kilomita.

"Kontere yako inadanganya. Inahesabu vile magurudumu yanazunguka. Gurudumu kubwa linazunguka mara chache, kontere inaona umetembea kidogo. Tutahesabu mawe ya kilomita. Jiwe halina gurudumu."

Mara ya kwanza walikwenda na mapambo yote. Gari ilisimama kwenye jiwe la tano. Asumini akasimika kijiti.

Wakarudi mwanzo. Wakatoa ubao, kichanja na chuma cha mbele. Vilijaza ukingo wa barabara kama vitu vya mtu anayehama.

"Juu ya nini hivi vinakula esanse?" aliuliza Feruzi. "Havina mudomo."

"Simama kwenye upepo na mukeka umetandikwa mbele ya kifua. Utaona kama mukeka hauna mudomo. Na chuma, unakibeba kila siku, hata ukienda bila muzigo. Mota inakibeba."

Walijaza chupa. Safari hii kijiti kilipita cha kwanza, karibu mita mia tano.

Halafu wakarudisha magurudumu ya zamani, wakayajaza upepo vizuri.

"Haya ya lori ni mazito," alisema Isidore, akifuta jasho. "Yanaifanya mota isukume kama mutu anayepanda mulima na viatu vya matope. Na yakikosa upepo ni mabaya zaidi."

Kijiti cha tatu kilisimama kwenye jiwe la sita.

Mwisho Isidore alitoa mfukoni msumari mpya wa shaba. Akaushika pamoja na ule uliopanuliwa, akawaonyesha matundu juani. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama.

"Esanse inahitaji hewa ili iwake. Ikiwa nyingi, haiwaki yote. Inayobaki njo ule moshi mweusi. Ulikuwa unanunua moshi, ndugu yangu."

Alifunga msumari mpya, akapangusa chujio la hewa lililojaa vumbi. Litre ya mwisho iliwapeleka mpaka jiwe la saba na kupita kidogo. Hapakuwa na moshi.

Asumini alisimika kijiti cha nne. Akageuka, akatazama nyuma, kule kijiti cha kwanza kilikobaki, mbali, kisichoonekana tena.

"Kutoka kijiti kile mpaka hiki," alisema, "njo pale mama yangu iko."

Feruzi alikaa chini barabarani. Alifunika uso kwa mikono miwili. Isidore alikwenda kukaza mpira wa chupa ambao haukuhitaji kukazwa.

"Alisema kiatu," Feruzi alisema baadaye. "Nilitaka aone."

"Alikuwa anacheka na wewe," alisema Asumini. "Mama alicheka na watu aliowapenda tu. Wengine hakuwasalimia."

Jioni Feruzi alitaka kuuchoma ubao. Asumini alikataa.

"Mbao ni mbao. Nyumba ya kuku haina mulango."

Kwa hiyo kule Kadutu kuku walilala nyuma ya maneno MAMA MUKWE ATAONA. Vyuma viliuzwa, na magurudumu ya lori pia. Honi Isidore aliziacha. "Honi haili esanse," alisema. "Inakula masikio ya jirani tu." Feruzi hakuzipiga tena.

Alikata fimbo ndefu, akaitia alama kwa kisu. Kila asubuhi kabla ya safari aliitumbukiza kwenye tangi, akasoma alama. Kidumu kimoja kilichojaa kilikaa nyumbani, kimefungwa vizuri, mbali na jiko. Tangi moja lilitosha tena safari tatu za Kalehe, na wakati mwingine lilibakisha. Asumini alirudi kukaa mbele, lakini ilichukua miezi.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, dereva wa lori la samaki alisimama tena mlangoni. Asumini alimwona, akashika ukuta.

"Mama Mwavita anaumwa," dereva alisema upesi. "Anaumwa tu. Anakuita."

Feruzi alitumbukiza fimbo. Akaitazama, akamwonyesha mke wake, naye akaitazama. Ilikuwa imelowa mpaka juu. Walipita Nyangezi bila kusimama. Ngomo mlinzi aliwatambua, mti ulikuwa juu. Kabla ya adhuhuri walikuwa Uvira.

Mama mdogo alikuwa amelala kwenye mkeka uani, amekonda, macho yake bado makali.

"Mumefika sasa hivi?" alisema. "Mbona haraka? Mimi bado sijakufa. Mungengoja kidogo."

Akainua shingo, akatazama nje.

"Feruzi. Ile gari imekuwa tena kiatu?"

"Ndiyo, mama. Kiatu."

"Vizuri. Dada yangu angeijua."

Asumini aliweka maji motoni. Yalipopata joto alifungua kanga yake, akatoa lile kopo la bati. Alimkalisha mama yake mdogo kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mahali palepale. Alichota, akamimina kopo la kwanza begani.

"Maji iko moto sana?" aliuliza.

"Iko sawa," alijibu Mwavita. Maji yalimteremka mgongoni. "Nami nilimuuliza mama yako vile. Hakunijibu. Mimina, mwanangu."