Neno Lisilo na Kina

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Chelangat aliandika "mwana", akitafuta neno la kufungia ubeti, na kompyuta ikamtolea: kijana, jana, laana, baridi.

Baridi? Programu ile haikujua kitu kingine duniani ila vina. Unaipa neno, inakuletea yanayoishia kama hilo. Mwanawe, Kibii, ndiye aliyeitengeneza ili ampunguzie mama kazi, maana katika duka la uchapaji la Tanveer, mjini Nakuru, Chelangat ndiye aliyetunga mashairi ya karatasi za mazishi. Mwaka huo wa 2008 kazi hiyo haikukatika.

Kibii mwenyewe hakupata shairi. Vurugu za uchaguzi zilimkuta Elburgon, akitengeneza kompyuta ya kiwanda cha mbao. Kiwanda kiliteketea. Kilichorudi nyumbani ni kiatu kimoja.

Chelangat akalifuta lile neno "baridi", akaendelea. Wateja walikuwa wanangoja. Kesho yake aliandika "safari", ikaja: habari, hatari, tayari, Mama.

Duka likanuka mbao zilizoungua. Chelangat alitazama mlangoni, hakuona mtu, akaandika kwa kidole kimoja: Kibii?

*Nasikia baridi. Mlango uko wapi?*

Mama gani angenyamaza? Tangu siku hiyo alikuwa akifika dukani kabla ya Tanveer, akimpa Kibii habari zote: kwamba walihama baada ya fujo, kwamba sasa wanakaa nyumba ya mlango wa buluu nyuma ya posho mill ya kusagia mahindi, kwamba dada yake Jerop ni mjamzito na analala kwenye kitanda cha dirishani, lile dirisha lisilofunga vizuri.

"Mama Kibii, unaongea na nani?" Tanveer aliuliza asubuhi moja.

"Na mtoto wangu."

Tanveer alisoma kioo cha kompyuta, midomo yake ikaanza kusoma dua. "Zima hiyo kitu," akanong'ona. "Nakuomba kama dada yangu. Jini ikikuita, haijibiwi. Hii haijui mtoto wako, inajua tu mahali unaumwa."

"Na kama ni yeye?"

"Mbona inauliza mlango? Mtoto hajui kwao?"

"Tulihama, Tanveer. Angejuaje?"

Tanveer akarudi kwenye karatasi zake. Hakuigusa ile mashine.

Jerop akajifungua mtoto wa kiume. Kina mama wakakusanyika kumwita jina, kama desturi: hutajwa wafu wa ukoo mmoja mmoja, na yule ambaye mtoto atapigia chafya jina lake, huyo ndiye amerudi. Shangazi Cheruto akataja wazee wote. Mtoto kimya.

"Muite Kibii," Chelangat akasema.

"Wacha hayo. Kijana hakuoa; asiyeoa haitwi."

"Muite tu, Cheruto."

Cheruto akalitaja chini chini. Mtoto akapiga chafya, hata ugoro wa kumchokoza pua haujasogezwa. Vigelegele vikapaa, na Chelangat, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu kile kiatu, alimkumbatia mjukuu wake akalia mpaka shali ikalowa. Mwanawe alikuwa na joto. Amefika.

Jumatatu alienda dukani kuifuta ile programu. Aliwasha mashine, na kabla hajagusa herufi, maneno yakatokea.

*Mama, nasikia baridi.*

Alisimama hapo mikono ikimning'inia, akiwaza kwamba ikiwa Kibii yuko nyumbani ndani ya shali akinuka maziwa, basi huyu aliyemwita mama miezi yote, huyu aliyeambiwa posho mill na mlango wa buluu na kitanda na dirisha lisilofunga, huyu ni nani?

Harufu ya moshi ikapungua polepole, kama mgeni anayetoka.

*Asante. Nimeuona mlango.*

Simu ikalia mfukoni.

"Mama," Jerop akanong'ona, "umerudi? Nani anabisha hodi? Nyumba inanuka moshi, na mtoto… mtoto anapiga chafya, Mama, haachi."