Kadi ya Kutafuta Nyota

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mji wa Nyeri haukuwa na mahali pa kutia mguu. Watu walikuwa wameteremka kutoka Tetu, Othaya na Mathari, mvua nayo ikachagua saa hiyo hiyo kumwagika. Kila mwenye akili alikimbilia chini ya paa la duka lililokuwa karibu. Ndivyo duka la kompyuta la kina Ambalal lilivyojaa ghafla, wanunuzi kwa wasionunua, makoti yakitoa harufu ya sufi iliyoloa na hewa ikinukia chai ya tangawizi iliyokuwa ikichemka nyuma ya kaunta.

Warigia Muriithi hakuja kujikinga mvua. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana huko juu ya Kiriaini, na alikuwa ametoka alfajiri kuja kununua kitu kimoja tu. Alivaa gauni la njano lililomkaa vizuri kiunoni, sweta ya kijivu mabegani na viatu vya mpira vilivyojaa tope. Alikuwa mwanamke mwenye macho makali na kicheko cha karibu. Mbele yake kaunta ilikuwa imebeba kadi ya grafiksi kubwa kama matofali mawili, yenye feni tatu na taa za rangi zote za upinde wa mvua. Alikuwa tayari ametoa simu kulipa.

"Hiyo usinunue, madam," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa kijana Mhindi mrefu, shati jeupe limekunjwa hadi viwikoni, miwani imeteleza hadi ncha ya pua.

"Kwa nini nisinunue? Si ndiyo kubwa kuliko zote?"

"Kubwa ni kubwa. Lakini ni ya kufanyia nini? Gemu?"

"Ni ya kutafuta nyota," Warigia akajibu, akijiandaa kuchekwa, kwa maana kila aliyemwambia hivyo alikuwa amemcheka.

Kijana hakucheka. Aliisukuma miwani juu. "Ati unaingia ule mradi wa kujitolea? Ule wa mawimbi ya anga?"

"Unaujua?"

"Niko huko kitambo sana."

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Kulikuwa na wanasayansi waliokuwa na darubini kubwa za redio, zinazonasa mawimbi mengi kutoka angani kuliko kompyuta zao zinavyoweza kuchambua. Basi waliyakata yale mawimbi vipande vipande, wakawatumia watu wa kujitolea duniani kote. Kompyuta yako inachambua kipande chake, inarudisha jibu, inapewa kingine. Hakuna anayelipwa. Unachopata ni pointi, na bahati ya mmoja kati ya maelfu kwamba kipande chako kina nyota ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona. Warigia alikuwa ameanzisha chama cha anga shuleni, na wasichana wake walitaka nyota hiyo kama watoto wanavyotaka Krismasi.

"Basi nisikize," kijana akasema. "Hii ya mataa inakunywa stima kama vile ng'ombe ya gredi, ile ya maziwa mengi, inakunywa maji. Kompyuta yenu ni ile ya kawaida ya shule, si ndiyo? Pawasaplai yake, ile ya kuigawia stima, ni ndogo. Utaiwasha, itazima kabla hujakalia kiti. Kwa hii kazi usiangalie ukubwa. Uliza inamaliza vipande vingapi kwa kila uniti ya stima. Uliza kama programu ya mradi inaitambua. Na uliza kama inakaa baridi, kwa sababu haitapumzika, itafanya kazi mchana na usiku." Akainama, akatoa kwenye rafu ya chini kadi fupi nyeusi yenye feni mbili, isiyo na taa hata moja. "Chukua hii. Haina maringo."

"Kama wewe?" Warigia akasema, kisha akajiuma mdomo.

Nyuma ya kaunta mama mmoja mnene aliyevaa sari ya kijani na kardigani nzito alipiga meza kwa kiganja. "Akash! Mteja ameshachagua kitu ya bei mzuri, wewe unamrudisha chini! Huyu ni mtoto wangu ama ni wa jirani?" Kisha akamgeukia Warigia na kumwomba radhi kwa Kikuyu laini kabisa, kama aliyezaliwa Tetu.

Duka zima likacheka. Warigia alitoka na ile kadi ndogo mkobani, na namba ya mwana wa mwenye duka kwenye simu.

* * *

Akaanza kupiga simu yeye, Akash, eti kuuliza kama kadi imekaa vizuri. Kesho yake akapiga kuuliza joto. Keshokutwa hakuwa na la kuuliza, akapiga tu.

"Mwalimu wangu, umeona msimamo wa pointi leo?"

"Nimeona. Uko juu yangu. Furahia ukiwa huko, fundi, kwa sababu sitakuacha ukae."

"Ukinipita nitakununulia chakula pale mjini."

"Na nisipokupita?"

"Nitakununulia tu, lakini nitakuwa na maringo."

Walikula pamoja mara nyingi, aliyepitwa na asiyepitwa. Jumapili walitembea hadi mahali ambapo mlima, asubuhi ikiwa safi, unajitokeza wote na theluji yake. Akash alimfundisha kutia iliki kwenye chai. Warigia alimfundisha kucheza ngoma ya mugithi, naye Akash akamkanyaga vidole vyote. Akash alimwita nyota yake, naye Warigia akamwambia aache maneno ya kadi za Valentino. Usiku, hata hivyo, aliyarudia neno kwa neno akiwa peke yake, akitabasamu kama mjinga.

Kilichowakorofisha kilikuwa ule mchezo wao wa msimamo.

Warigia alitaka kumpita Akash kweli kweli. Kuna programu ya kuisukuma kadi ikimbie zaidi ya kasi iliyotoka nayo kiwandani, naye akaipata, akaisukuma. Siku za kwanza pointi zilipanda hata wasichana wakapiga makofi. Kisha yakaanza kurudi majibu yenye alama nyekundu: batili. Kila jibu hulinganishwa na la kompyuta ya mtu mwingine aliyepewa kipande hicho hicho, na majibu ya Kiriaini hayakulingana na ya mtu yeyote.

Mwalimu mkuu, Bwana Kingori, hakuwahi kuipenda ile mashine. "Mwalimu Warigia," alimwambia mbele ya walimu wote, "nasikia kompyuta yako sasa inatuma uongo ng'ambo. Stima ya shule inachoma uongo? Muhula ukiisha, hiyo kitu itoke maabara."

Warigia aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hakufikiria kabisa ile programu yake. Aliifikiria kadi iliyotoka rafu ya chini, na kijana mwenye maneno matamu aliyemfanya aichukue. Jumamosi iliyofuata aliingia dukani kama upepo, akaibwaga kadi kaunta, duka likiwa limejaa.

"Umeniuzia kitu mbovu, Akash. Uliniona na matope kwa viatu ukasema huyu ni wa mashambani, hatajua. Mmeiaibisha shule yangu!"

Wateja waligeuka. Mama yake Akash, Jyoti, alisimama akiwa na kikombe mkononi, uso umemwiva. Akash mwenyewe aliiokota ile kadi kaunta. Akaingia chumba cha nyuma, akakaa kidogo, akarudi na kadi nyingine ndani ya mfuko wa rangi ya fedha.

"Chukua hii," akasema kwa sauti ya chini. "Nayo uiache ikimbie pole pole."

Warigia aliisikia kama kejeli. Akaichukua, akatoka, na kabla hajafika barabarani alikuwa ameizuia namba ya Akash isimwingilie tena.

* * *

Kadi ya pili ilifanya kazi siku mbili tatu. Kisha alama nyekundu zikarudi.

Warigia alikaa mbele ya ile mashine maabara ikiwa tupu, wasichana wako uwanjani. Kadi mbili tofauti, ugonjwa mmoja. Basi ugonjwa haukuwa wa kadi. Aliifungua ile programu ya kasi. Ilikuwa palepale alipoiacha, imesukumwa mpaka mwisho. Aliirudisha kasi ya kiwandani, tena akaipunguza kidogo chini ya hapo, akangoja. Jibu la kwanza likarudi kijani. La pili kijani. La tatu. Kufikia jioni skrini ilikuwa kama shamba la majani chai.

Hapo ndipo alipoangalia msimamo na kuona jambo jingine. Jina la Akash lilikuwa limesimama. Pointi zake hazikuwa zimeongezeka hata moja tangu Jumamosi ile.

Alielewa mara moja kadi iliyokuwa mbele yake ilitoka wapi.

Mwingine angetuma ujumbe. Warigia alingoja Jumamosi, siku duka linapofurika, akavaa lile gauni la njano, akaingia na kusimama palepale aliposimama siku ile.

"Mama," akamwambia Jyoti, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "nilikuja hapa nikamtukana mtoto wako mbele ya watu. Kadi haikuwa mbovu. Ni mimi niliiharibu kazi kwa haraka yangu. Akash ni mtu mkweli, na duka yenu ni ya watu wakweli. Naomba msamaha mbele ya watu, kwa sababu nilikosa mbele ya watu."

Mzee mmoja aliyekuwa ananunua redio alivua kofia. Jyoti alizunguka kaunta, akamkaribia.

"Ile yako aliijaribu siku hiyo hiyo, akaona ni mzima," akasema. "Alikupigia, simu ikamkataa. Mimi nilikuwa na hasira nawe, nisikudanganye. Nikamwambia, kwa nini umempa ya kwako? Akaniambia, ningemrudishia ile yake asingeiamini tena. Sasa mimi nimemzaa, namjua. Hajawahi kumwibia mtu. Lakini pia, kitu yake hajawahi kumpa mtu." Akafuta macho kwa ncha ya sari kama anayefuta vumbi. "Yuko Kerugoya, tunafungua duka huko. Kunywa chai kwanza."

* * *

Alimkuta Akash juu ya ngazi, akipaka rangi kibao cha duka jipya, nywele zina madoa ya bluu. Akash akamwona, na brashi ikamponyoka, ikatua kwenye kiatu cha Warigia.

"Hiyo nimeistahili," Warigia akasema.

Akash hakushuka. "Ulinivunja mbele ya mama yangu."

"Najua. Ndiyo maana nimeanzia kwake. Nimesema yote, duka ikiwa imejaa, kwa ile ile sauti."

"Ulisema nini?"

"Kwamba nilikimbiza kadi mpaka ikachanganyikiwa. Kwamba wewe ni mkweli." Akaiokota brashi. "Na kwa nini hukuniambia pale pale, Akash? Ulijua!"

"Nilishuku. Ningekuambia vipi? Mwalimu mzima, mbele ya watu wote, kwamba kosa ni lako?" Akashuka ngazi taratibu. "Nilitaka nikuambie peke yako. Simu yako ikanifungia mlango."

"Imefunguliwa."

"Nijaribu?"

Akatoa simu, akapiga wakiwa wametazamana. Ya Warigia ikalia mkobani. Akaipokea.

"Haro," akasema Akash, akiikokota ile 'r' kusudi kama wazee wa Kiriaini. "Naongea na mwalimu wangu?"

"Ndiye, na anakupenda," Warigia akasema kwenye simu, machozi yakimshuka. "Kata, unamaliza muda wa maongezi."

* * *

Majibu yalipoendelea kurudi kijani, mashine haikutoka maabara. Akash alikuja mwenyewe kuitia kadi ya kwanza ndani ya kompyuta nyingine ya shule, akawaeleza wasichana jinsi ya kuzipoesha kwa hewa ya dirishani, ambayo Kiriaini haina uhaba wake. Bwana Kingori alipita mlangoni akijifanya anatafuta chaki.

Muhula uliofuata, baada ya chakula cha mchana, barua pepe ikaingia. Warigia aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Kipande kimoja kilichochambuliwa na mashine yao kilikuwa na mapigo. Wanasayansi walikuwa wameielekeza darubini mahali hapo na kuyasikia wenyewe: nyota iliyokufa, ndogo kuliko kaunti ya Nyeri, inayozunguka kwa kasi na kupiga kama moyo. Haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Ilikuwa ya kwao.

Akampigia Akash.

"Tumeipata."

"Umepata nini, mpenzi?"

"Nyota, Akash! Nyota!"

Alisikia kitu kikianguka upande wa pili, kisha kelele za mwanaume mzima anayerukaruka dukani. Wasichana walikuwa tayari wamejazana mlangoni na madirishani.

"Sikiza, kuna kitu moja," Warigia akasema akivuta pumzi. "Wanataka jina la aliyegundua. Wanauliza niandike nani."

"Andika lako. Mashine ni ya kwenu."

"Iliyoipata ni ile kadi ya kwako. Nimeangalia."

"Nilikupa."

"Basi yatakuwa majina mawili. Na watu wataniuliza, huyu Akash ni nani yako. Niwaambie rafiki?"

"Rafiki!"

"Kwani wewe ni nani? Sema vizuri, watu wanangoja."

Alimsikia akimwomba mtu apunguze redio.

"Waambie ni mume wako mtarajiwa," akasema.

"Hiyo ni kuniambia ama ni kuniuliza?"

"Ni kukuuliza, Warigia. Nimekuwa nikitafuta siku mzuri ya kukuuliza. Hakuna itakayopita hii. Utakubali nikuoe?"

Kabla hajajibu, simu ikanyang'anywa. "Mwalimu," sauti ya Jyoti ikaingia, "jibu haraka, huyu amekaa chini sakafuni na kuna wateja!"

Warigia alicheka mpaka akashika meza. "Nimekubali, mama," akasema, na neno hilo la mwisho likamtoka kwa wepesi hata yeye akashangaa.

Ngemi, vile vigelegele vya furaha, zikalipuka. Wasichana walizipiga dirishani, wakazichukua mpaka uwanjani, wapishi wakazidaka jikoni, na Bwana Kingori, safari hii bila kusingizia chaki, akaenda mwenyewe kuipiga kengele ya shule bila kujali ni saa ngapi. Warigia alivuta kibodi. Akaandika jina lake, akaandika la Akash kando yake, akabonyeza kutuma.