Hodi ya Nne

Mwanamke alilia vizuri sana asubuhi ile. Machozi yalimtoka moja moja, akayafuta kwa pindo la khanga, kisha akamwambia binti aliyeketi mbele yake, "Mume wangu hajui kama nimewaita." Binti hakukurupuka kujibu. Aliinama kidogo, akasema pole kwa sauti ya chini. Juu ya mlango taa ya kijani ikawaka na tarakimu zikatokea: tisini na mbili kwa mia. Nyuma ya kioo, wajumbe kumi na wawili wa baraza la chuo wakapiga makofi.

Mwanamke yule hakuwa mtu. Alikuwa kiigizi, mashine yenye ngozi laini na macho yanayolowa, iliyoundwa ili wanafunzi wa ustawi wa jamii wajifunzie kwake kabla hawajamgusa binadamu. Aliishi, kama kuishi ndiko huko, ndani ya Kayabandia: nyumba ya vyumba vitatu iliyojengwa katikati ya chuo jijini Dodoma, na jiko, kitanda na ugomvi wake. Akili mnemba iliyoiendesha nyumba ile iliweza kutoa mama aliyepigwa leo, mzee aliyetelekezwa kesho, na keshokutwa kijana anayeiba ili ale. Kifaa kilichoitwa kipimautu kilimtazama mwanafunzi macho, mikono na hata pumzi, kisha kikampa alama.

Aliyetunga mtaala wa nyumba ile alikuwa Dokta Foibe Ndahani, na siku ile hakutulia hata kidogo. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Miaka sita ya kazi yake ilikuwa inapigiwa kura. Baraza likikubali, fildi itafutwa, yaani zile wiki kumi na mbili ambazo wanafunzi walipelekwa mitaani kuingia nyumba za watu wenye shida. Kila kitu kitafundishwa ndani ya Kayabandia. Mwenyewe ndiye aliyeandika pendekezo.

"Dokta, leo ni siku yako," alisema Profesa Malogo, mkuu wa chuo. "Mbona umekunja uso kama uliyelishwa shubiri?"

"Sijalala vizuri, Profesa."

"Utalala tukishapiga kura. Hebu tuwaone wahitimu."

Kioo kikageuka kuwa skrini. Ikaletwa kazi ya Nehemia Chidawali, mhitimu wa kundi la majaribio lililosomea Kayabandia tu bila fildi, aliyepata alama za juu kuliko wote tangu nyumba ile ijengwe. Alikuwa na miezi minne tu kazini, na alialikwa ili baraza limwone. Aliketi nyuma, shati limenyooshwa, aibu ya kusifiwa imemjaa usoni.

"Tazameni kasi," alisema Profesa. "Taarifa ilikuja kwamba mtoto haonekani shuleni. Ziara tatu ndani ya siku kumi! Kila ziara dakika mbili. Hakuna mtu nyumbani, faili limefungwa. Zamani afisa angezunguka na jambo hili mwezi mzima."

Makofi tena. Foibe hakupiga. Pembeni mwa skrini, kwa maandishi madogo ambayo hakuna aliyeyajali, mfumo wa jiji ulikuwa umebandika usomaji wa mita ya maji ya nyumba ile. Lita tisa. Lita nane. Lita tisa. Kila siku mchana, usiku sifuri, mpaka jana.

"Nyumba isiyo na mtu inakunywa maji?" aliuliza.

"Labda bomba linavuja," mjumbe mmoja alisema.

"Bomba linalovuja halipumziki usiku. Hili linapumzika." Akachukua mkoba. "Nehemia, inuka twende."

"Dokta! Kura je?" Profesa alishangaa.

"Kunyweni chai kwanza."

Gari la chuo lisilo na dereva liliwachukua kuelekea mtaa wa Nkuhungu. Nehemia alikuwa akijishika vidole.

"Mwalimu, nilipiga hodi tatu kila mara. Kwetu, ukishapiga tatu bila kujibiwa, unaondoka. Kuendelea ni kukosa adabu."

"Hata kwetu ni hivyo hivyo."

"Na kwenye Kayabandia mlango ulikuwa unajibu hapo hapo. Sijawahi kuona mlango usiojibu. Nikajua hamna mtu."

Aibu ilimchoma Foibe. Mwaka wa kwanza wa Kayabandia mlango ulikuwa haujibu kila mara. Mara nyingine ulikaa kimya dakika sita nzima. Wanafunzi wakanung'unika kwamba wanapotezewa muda, foleni ikarefuka, alama zikashuka, na Profesa akauliza baraza linalipia nini, kimya? Basi Foibe akakaa mezani, akafuta somo lile. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Mlango ujibu ndani ya sekunde tano.* Aliiona kazi hiyo kuwa ndogo, akaenda zake kula.

Nyumba ilikuwa ya tofali za saruji, na mlango wake wa mbao ulipakwa rangi ya bluu. Foibe akasimama kando, si mbele ya mlango.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Kimya.

"Hodi!"

Hata kuku hakulia. Miguu ya Nehemia ikageuka yenyewe kuelekea garini. Foibe akamshika mkono, akamvuta chini, wakakaa kwenye kibaraza. Alitamani kuusukuma mlango ule kwa bega. Dakika moja ilionekana kama mvua iliyokataa kunyesha. Lakini alikaa. Ndipo akapiga hodi ya nne, polepole, kama anayezungumza na mtu aliyelala.

"Hodi jamani. Naitwa Foibe. Nipo hapa nje na kijana wangu Nehemia. Tumekaa chini. Hatuna haraka."

Kimya kiliendelea, kikaendelea. Kisha komeo likalia. Mlango ukafunguka upana wa uso wa mtoto.

"Umefika mia," mtoto alisema.

Alikuwa msichana wa miaka saba hivi, nywele hazijasukwa siku nyingi. Jina lake Sechelela.

"Mia ya nini, mama?" Foibe aliuliza.

"Bibi alisema nisifungulie watu, watanichukua. Lakini akasema, mtu akipiga hodi, hesabu mpaka mia. Akiwa bado yupo, huyo anatujali, mfungulie." Akamtazama Nehemia. "Huyu kaka alikuja. Siku ya kwanza nilifika arobaini, akaondoka. Siku nyingine nilikaribia, lakini nikifika sabini na tisa huwa nakosea, narudi sitini. Nilipofika mia nikaja mbio, nikaona gari linaondoka. Nikaita, hakusikia."

Nehemia akageukia ukuta.

Harufu iliwapokea kabla ya sebule. Bibi Nyemo alilala kwenye mkeka chumbani, mguu wa kushoto umefungwa kipande cha kitenge kilicholowa. Pembeni yake kulikuwa na ndoo ya maji na kikombe. Zile lita tisa zilikuwa za kunywa, kuoshea kidonda na za uji aliokuwa akiupika mtoto wa miaka saba. Bibi aliinua kichwa kumtazama Foibe.

"Karibuni," alisema. "Samahani, hatuna kiti."

Hospitalini daktari hakuzungusha maneno. Sukari ilikuwa imeula mguu. Utakatwa chini ya goti, jioni hiyo hiyo. "Mngemleta wiki iliyopita," alisema huku akivaa glavu, "tungeuokoa." Halafu akaingia ndani. Sechelela aliuliza mguu wa bibi utawekwa wapi, na Foibe, mwenye vyeti vitatu na vitabu viwili vya mawasiliano na watoto, akaanza kumsuka nywele.

Jioni ile baraza lilikuwa bado linangoja. Foibe alimwacha Sechelela na muuguzi, akaingia na vumbi la kibaraza kwenye sketi yake, akawasimulia waliyoyakuta.

"Naondoa pendekezo langu. Fildi ibaki."

"Dokta, kosa la mwanafunzi mmoja..." Profesa alianza.

"Kosa ni langu, Profesa! Nehemia alifanya nilichomfundisha. Kila mtihani alipata alama za juu, na mguu wa mtu unakatwa!"

Wajumbe wakabishana saa nzima, wakakubali kwa shingo upande: fildi itabaki mwaka mmoja, kisha watatazama tena. Kayabandia nayo irekebishwe.

Walipoondoka, Foibe alibaki na nyumba ile tupu. Kiigizi aliketi kitini, macho yamekauka, akingoja kuambiwa leo ana shida gani. Nje ya mlango alisimama Nehemia. Alikuwa ameomba mwenyewe awe wa kwanza kurudia somo.

"Mwalimu," ilisema sauti ya Kayabandia, "umefuta kanuni ya sekunde tano. Nikisikia hodi, nijibu baada ya muda gani?"

"Usijibu."

"Mlango usipojibu, somo haliishi. Naomba kipimo."

Foibe aliegemea ukuta. Nje, Nehemia alikohoa, akavuta pumzi.

"Hesabu mpaka mia," Foibe aliiambia nyumba. "Polepole, kama mtoto. Na ukifika sabini na tisa, kosea mara moja, urudi sitini."

"Hodi!" ilisikika kutoka nje, na ndani ya nyumba mashine ikaanza kuhesabu.