Fimbo ya Shaba Nyuma ya Jikoni

Nzilani alikuwa amekaa mlangoni akichambua kunde. Malori ya Mombasa yalipita barabarani na kuacha vumbi. Ilikuwa mwaka wa 1988, na nyumba yake pale Kambu ilikuwa imeingizwa stima juzijuzi. Jikoni kulikuwa na jiko jeupe la stima. Mumewe, Mutie, alilileta kutoka Mombasa alikokuwa akifanya kazi.

Mama mkwe wake, Syombua, alikuwa akifagia nyuma ya jikoni. Mara akaita.

"Nzilani! Njoo uone kitu."

Fimbo ya shaba ilichomoza kidogo kutoka ardhini. Waya wa kijani na manjano ulitoka kwenye fimbo ukaingia ukutani.

"Nani amezika hii?"

"Labda Ndungu, mwaitu," alisema Nzilani, akimwita mama kwa Kikamba. " Ndiye alifunga jiko siku ile tulipokuwa kanisani."

Syombua alishusha sauti. "Kwa nini azike tukiwa hatupo? Kitu kizuri kinafichwa?"

Ndungu alikuwa fundi wa stima na jirani yao. Alihamia Kambu kutoka Murang'a pamoja na mkewe, Gathoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nzilani hakuwahi kumwazia vibaya. Lakini sasa alikumbuka jinsi Ndungu alivyozoea kusimama uani kwake akiitazama nyumba yao.

Syombua alikata waya kwa panga. Wakaing'oa fimbo na kuitupa kwenye shimo la taka. Kisha wakaziba kwa magunia dirisha la jikoni lililotazama kwa Ndungu.

Siku chache baadaye, uji ulifurika ukaingia ndani ya jiko. Nzilani alikuwa miguu mitupu, na sakafu ilikuwa na maji. Alipogusa ubavu wa jiko, mkono ulipigwa kama kwa rungu. Akaanguka chali.

"Umeona?" Syombua alisema. "Tumeitupa, na bado inatupiga!"

Tangu hapo hawakuligusa tena. Walipika kwa makaa mle mle jikoni, na mlango waliufunga kuzuia vumbi.

Mchana mmoja Mutindi, binti mdogo wa Nzilani, alikuwa akicheza karibu na makaa. "Mama, kichwa," alisema. Akatapika, kisha akalegea. Nzilani naye alihisi kizunguzungu. Akambeba mtoto nje akipiga mayowe.

Ndungu aliruka ua akaja mbio.

"Usimguse!" Nzilani alisema.

Ndungu akasimama. "Simgusi, mama Mutindi. Mkalishe hapo penye upepo. Mlikuwa na makaa ndani?"

"Ndiyo."

"Basi ni hewa ya makaa. Haina harufu, lakini inaua. Mpeleke dispensari sasa hivi, hata akifungua macho."

Jioni walirudi. Mutindi alikuwa akitembea mwenyewe. Nzilani alikwenda moja kwa moja kwa Ndungu, Syombua nyuma yake.

"Nataka kujua. Ulizika nini kwangu?"

Ndungu hakucheka. "Njooni kwanza nyuma ya jikoni kwetu."

Pale chini ya ukuta, fimbo ya shaba ilichomoza, na waya wa kijani na manjano.

Syombua aliinama akaitazama sana. "Kumbe hata wewe umejiloga?"

Gathoni aliangua kicheko dirishani. Ndungu pia akatabasamu.

"Mama, stima ikivuja kwenye jiko, inatafuta njia ya kwenda ardhini. Huu waya ndio njia yake. Stima ikipita hapa kwa nguvu, fyuzi inakatika na jiko linazima. Ukiuondoa, njia inayobaki ni mwili wa mtu."

"Na mimi nilikata kwa panga," Syombua alisema polepole.

"Una bahati hukukata ule mwingine wenye stima. Lakini kosa ni langu pia. Nilimwambia Mutie peke yake. Wapishi ni ninyi."

Kesho yake Ndungu alizima swichi kubwa kabla ya kushika chochote. Alitengeneza jiko pale lilipokuwa likivuja. Akarudisha fimbo na waya mpya, kisha akapima kila kitu. Magunia yakatolewa. Juu kwenye ukuta wa pili wa jikoni akatoboa matundu.

"Mvuke na moshi viwe na pa kutokea," alisema. "Makaa ni ya nje. Na jiko la stima usiliguse ukiwa na maji mikononi au miguu mitupu."

"Na ardhi yetu hii kavu itaipokea stima?" Nzilani aliuliza.

"Umeuliza vizuri. Kiangazi mwagieni maji pale kwenye fimbo. Udongo mkavu haupitishi stima vizuri."

Kazi hiyo Syombua aliichukua yeye. Kila jioni alimwaga hapo maji ya kuoshea vyombo, na kuku akichakura karibu alifukuzwa kwa fagio.

Siku moja wifi yake, Kalondu, alikuja kutoka Migwani. Akazunguka nyuma ya jikoni, akashtuka.

"Syombua! Kuna kitu kimezikwa hapa! Ni nani huyo aliyekizika?"

Syombua alimimina maji yake hadi tone la mwisho.

"Ni mimi," alisema. "Na usikiguse."