Pipa la Maji Matupu

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa na kazi moja tu katika bwawa la mama yake: kuchanganya dawa ya kuua vijidudu kwenye pipa la langoni. Bwawa lenyewe lilikuwa la kuvulia samaki kwa burudani. Mgeni humnasa samaki kwa ndoana, humpiga picha, kisha humrudisha majini akiwa mzima, jambo lililowachekesha majirani hadi wakashika mbavu. Lakini kabla ya kuvua, kila mgeni alitakiwa kuchovya wavu wake wa mkono ndani ya pipa na kuuanika ukauke, asije akaleta maradhi kutoka mabwawa mengine.

Jumamosi hiyo mkaguzi alikuwa anakuja. Bwawa likifuzu, lingepewa cheti cha utunzaji bora wa samaki; likishindwa, vyama vya wavuvi vingehamia kwingine na mama angefunga lango. Chiriku, ambaye hakupewa jina hilo bure, alipiga soga na binti wa jirani mpaka akasikia gari likiingia. Dawa ilikuwa bado stoo. Basi akajaza pipa maji ya bomba, funika kombe mwanaharamu apite.

Mkaguzi, mama wa makamo aliyevaa buti za mpira, hakuacha kitu. Alikagua ndoana zisizo na kijino cha kumchana samaki, magodoro laini ya kumlazia samaki, hata namna wageni walivyolowesha mikono kabla ya kumshika. Alipoona nyavu zimechovywa na kuanikwa, aliridhika. Chiriku akaona mambo yamekwisha.

Ndipo mgeni mmoja mwenye ndevu, akiuchukua wavu wake, akawasimulia wenzake kwamba kwenye bwawa alilovua jana samaki walikuwa wakielea matumbo juu, wamejaa vidonda. Akaanza kuelekea majini. Chiriku alitamani kunyamaza, lakini miguu ilishatangulia.

"Mjomba, usiutie wavu majini," alisema akihema. "Pipa lina maji matupu. Mimi sikutia dawa."

Mama yake alimtazama. Kisha akapuliza filimbi, akasimamisha uvuvi wote na kuchanganya dawa kwa mikono yake. Nyavu zote zikachovywa upya, zikaanikwa juani. Wageni walinung'unika; mwenye ndevu akauliza kama siku hizi samaki wana daktari wao. Mkaguzi alikaa nao kwenye benchi mpaka nyavu zikakauka. Chiriku alilia pembeni, akiamini amemkosesha mama yake riziki.

Mwishowe mkaguzi akampa mama mkono. Bwawa limefuzu, alisema, ila kuanzia sasa mtu mzima awe analihakiki pipa kila asubuhi. Mama akashusha pumzi ndefu, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Lakini shangazi, mimi nilidanganya," Chiriku alisema.

"Ulidanganya, na hilo mtajuana na mama yako," mkaguzi akamjibu. "Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa angekufa samaki asiye na kosa. Mwanangu, hakuna bwawa lisilokosewa. Cheti nampa mtu ambaye kosa likitokea hulitaja na kulirekebisha, hata kama mkaguzi anamtazama."