Wimbo wa Korongoni

Rafiki yangu Sifael siku hizi huenda Arusha kwa miguu kutoka Tengeru, iwe mvua iwe jua. Enzi za Mwingereza alikuwa dereva wa shamba la kahawa, tena dereva wa hovyo.

Jioni moja alikuwa akiwateremsha watoto wachumaji kutoka mlimani, wamesimama nyuma ya lori. Ukungu ulikuwa umeutia msitu giza. Akazima injini mteremkoni, lori liteleze lenyewe, petroli ibaki aifyonze baadaye akaiuze.

"Washa injini, Sifael," alisema Tabea, aliyekaa naye mbele. Binti wa Tabea, Eunike, mwenye kikohozi kikavu, alikuwa nyuma na wenzake. "Wale ni watoto, si magunia."

"Ukiogopa, shuka."

Watoto wakaanza wimbo wa kanisani ili wasilie. Sifael akatoa kichwa dirishani. "Fungeni midomo! Atakayeimba namwachia chui!"

Wakanyamaza. Yakasikika matairi tu, na matawi yakikwaruza bodi.

Kisha wimbo ukaendelea.

Sifael akakanyaga breki kwa hasira, lori likaserereka na kusimama konani, ukingoni mwa korongo. Akaruka chini na fimbo, Tabea nyuma yake. Watoto wote walikuwa kimya, viganja midomoni. Eunike pia.

Wimbo ulitoka chini kabisa, korongoni. Ubeti ukaisha, na huko gizani mtoto akakohoa kikohozi kikavu.

"Eunike!" Tabea aliita bila kufikiri.

Eunike hakuondoa viganja mdomoni. Kule chini sauti yake ikaitika, "Abee, mama."